Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya na elimu Mombasa: Mnawahimiza watoto wazungumze, nani atawasikiliza?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia huduma za afya na elimu katika Kaunti ya Mombasa,

KUH: AFYA YA AKILI YA VIJANA WALIO SHULENI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima nikiwa mwalimu mstaafu wa shule za upili za kaunti hii. Pamoja na kufundisha Kiswahili na Historia, nilipewa kazi ya ushauri nasaha, na hata baada ya kustaafu watoto bado hunifuata nyumbani Kisauni, wakati mwingine na mama zao, wakati mwingine peke yao na sare zikiwa mwilini. Haya ninayoyaandika leo nimekwisha kuyaandika kwa faragha. Barua zilipokelewa, nakala zangu zina muhuri wa mapokezi na saini ya karani. Hazikujibiwa. Nilipofuatilia, ofisi moja ilinielekeza kwa nyingine kwa hoja kwamba suala ni la elimu, na hiyo nyingine ikanirudisha nilikotoka kwa hoja kwamba suala ni la afya. Ningependa mno tuyamalize ofisini, maana yanagusa watoto na siri za nyumba za watu, lakini baada ya kunyamaziwa kwa muda mrefu sioni njia ila kuyasema mbele ya wazazi na walimu wenzangu.

Kila mwaka inapofika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, hotuba hutolewa, fulana hugawiwa, na vijana huambiwa wavunje ukimya na wazungumze wazi. Silipingi hilo hata kidogo. Ninalouliza ni hili: kijana akiwatii, akaamua kuzungumza Jumatatu asubuhi, aende kwa nani? Aingie chumba gani, saa ngapi, na atakayoyasema yataishia wapi? Kumhimiza mtoto afungue moyo wake mahali ambapo hakuna aliyeandaliwa kumsikiliza ni kumweka katika hatari, na hiyo ndiyo hali ya shule nyingi za mji huu ninazozijua.

Ukubwa wa jambo lenyewe haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya walio kati ya miaka 15 na 29. Katika darasa la wanafunzi 50, hesabu hiyo ni watoto saba. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa uliofanywa miongoni mwa vijana wa miaka 10 hadi 17 ulikuta zaidi ya wanne kati ya kumi wakiwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na katika hao ni takriban mmoja tu kati ya kumi aliyepata huduma yoyote. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na daktari wa akili Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mombasa haiko nje ya Kenya.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mwalimu wa ushauri nasaha hana muda wala mahali pa kumsikiliza mtoto.

Kwenye karatasi kila shule ina mwalimu huyo. Kwa kweli ni mwalimu wa somo fulani aliyebebeshwa kazi hii juu ya vipindi vyake vyote, bila kupunguziwa hata kimoja, na mara nyingi bila mafunzo zaidi ya semina ya siku chache. Chumba nilichopewa mimi kilikuwa stoo. Ndani yake palikuwa na makatoni ya vitabu vya hisabati, nyavu za mpira wa wavu na meza iliyopungukiwa mguu, na dirisha lake lilitazama mahali ambapo wanafunzi hupanga foleni ya chai wakati wa mapumziko. Aliyeingia humo alionekana na shule nzima, na kabla hajatoka alikuwa ameshabandikwa jina.

Kipindi ni dakika 40. Mtoto aliyebeba jambo zito hazitumii dakika hizo kulisema. Huuliza habari ya mtihani, hulalamikia kichwa, hutazama sakafu, na anapoanza kulikaribia lile lililomleta ndipo kengele inapolia na kidato cha tatu kinamngoja mwalimu. Hapo mwalimu hutakiwa achague kati ya wanafunzi 50 walio darasani na mmoja anayelia mbele yake, na ratiba imekwisha kumchagulia.

Jambo jingine ambalo wasiokaa na vijana hawalijui ni kwamba wengi wao hawaji wakisema wana huzuni. Wasichana huja na tumbo, na kifua kinachobana, na usingizi uliokatika kwa majuma. Wavulana huja, kama wanakuja, kwa hasira na ugomvi, au hawaji kabisa na badala yake huanza kulala darasani na kukosa shule siku za Jumatatu. Mwalimu ambaye hakufundishwa kuzitambua dalili hizi atatoa kidonge cha maumivu au barua ya kumwita mzazi, naye atakuwa ametimiza wajibu wake kwa kadiri alivyoelekezwa. Simlaumu yeye.

2. Siri ya mtoto haina mlinzi.

Swali la kwanza ambalo karibu kila kijana ameniuliza halikuhusu maradhi yake. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama mlangoni, mkono ukiwa bado kwenye kitasa, akaniuliza: "Mwalimu, nikikwambia, wewe utamwambia nani?" Hakukaa mpaka nilipomjibu. Nilimweleza kwamba yatabaki baina yetu isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini, na kwamba hata hapo yeye atakuwa wa kwanza kujua ninamwambia nani na kwa nini. Jibu hilo nililitunga mwenyewe. Shule haikuwa na mwongozo wowote ulioandikwa wa kuniambia ni lipi nilitunze, lipi nilifikishe kwa mzazi, na lipi nilipeleke kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo. Mwalimu mwingine, katika chumba kingine, angemjibu vingine.

Tena mji wetu ni mdogo kwa habari. Watu wa Majengo wana jamaa Likoni, wa Likoni wameoa Mji wa Kale, na ninavijua visa vya maneno ya mtoto kufika chumba cha walimu kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, yakatoka hapo hadi chuoni anakosoma Qurani, na kufikia Ijumaa shangazi zake wote wakawa wameyapata. Kwa msichana, jina la "yule ana kichaa" litamfuata mpaka siku ya posa, na wazazi wanalijua hilo kuliko mimi na nyinyi. Ndiyo sababu wengi huficha, wala si kwa kutowapenda watoto wao. Mtoto aliyevujishiwa siri hazungumzi tena, na walioona yaliyompata nao hawazungumzi. Nasisitiza sana hoja hii, kwa kuwa katika barua zangu zote ndiyo iliyopuuzwa zaidi, na ndiyo isiyohitaji hata shilingi moja ya ujenzi.

3. Mtoto anayehitaji matibabu hupewa adhabu.

Mvulana aliyeacha kula na kuandika darasani alisimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu. Msichana aliyekutwa na alama za kujidhuru mkononi alirudishwa nyumbani na barua iliyosema asirudi mpaka mzazi atie saini hakikisho kwamba jambo hilo halitatokea tena. Mzazi gani duniani anaweza kutia saini hakikisho la namna hiyo? Shule hizo sizitaji, kwa sababu shabaha yangu si mwalimu mkuu mmoja ila desturi iliyoachwa ikaota mizizi.

Desturi hiyo kwa muda mrefu iliegemea sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, na familia nyingi zilikuwa zikiogopa kumpeleka mtoto hospitalini kwa hofu ya polisi. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Wazazi ninaozungumza nao mpaka leo hawana habari. Walimu wachache wanazo. Waraka wa kurasa mbili kutoka kwenu ungetosha kuwaeleza.

Naomba pia mnisikilize kuhusu vijana wa mapanga, yaani magenge yanayowavamia watu kwa mapanga mitaani, kwa kuwa naishi Kisauni na hofu yao naijua. Sisemi kila anayeshika panga ni mgonjwa, wala sisemi asifikishwe mahakamani. Ninachosema ni kwamba baadhi yao niliwafundisha wakiwa na miaka 13, na wakati huo shida yao ilikuwa kukosa usingizi na kuogopa kurudi nyumbani. Hakuna aliyewauliza. Mwezi Mei 2024 serikali ya kaunti ilipiga marufuku muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa ili kuchangamsha, kwa kuhofia yanayowapata vijana, na ingawa amri ile ilipingwa mahakamani, sote tuliona kwamba mkitaka kuchukua hatua mnaweza kuichukua kwa siku chache tu. Lakini mtoto anayetafuna muguka ili mawazo yasimkute amekaa kimya, ukimwondolea muguka bila kuyagusa mawazo yale, atatafuta kingine, na katika mji huu vingine vipo, tena vibaya zaidi.

4. Zahanati zetu hazikuandaliwa kwa ajili ya kijana.

Hufunguliwa wakati yuko darasani na kufungwa anapotoka. Akifika, huanza kwa kueleza shida yake dirishani mbele ya foleni ambamo yumo jirani yake. Akieleza, hupewa barua ya kwenda hospitali kubwa, na safari hiyo humaanisha nauli, mzazi kukosa kibarua cha siku nzima, na kuonekana kwenye mlango wa kitengo ambacho mji mzima unakijua kuwa ni cha wagonjwa wa akili. Wengi huishia hapo.

Waheshimiwa, najua majibu ambayo huenda yatatolewa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia kwenye korido.

Mtasema shule za upili ziko chini ya serikali kuu na walimu wameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu. Ni kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vituo vya afya, na Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022 ikazitaja serikali za kaunti waziwazi, ikazipa wajibu wa kutoa huduma hizi katika vituo vyao na katika jamii, na kuzitengea fedha katika bajeti zao. Mtoto akivuka lango la shule hageuki kuwa mtu asiye na afya. Wenye elimu na wenye afya wakae meza moja. Hilo haliwezi kufanywa na mzazi, na halikuweza kufanywa na mimi nilipokuwa nikirushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Mtasema hakuna wataalamu. Ni kweli pia kwamba madaktari wa akili ni wachache nchini, na wengi wako Nairobi. Lakini mtoto aliye katika hatua za mwanzo kwa kawaida hahitaji daktari bingwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa na mpango tangu mwaka 2008 wa kuwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki wa kawaida kuyatambua na kuyatibu magonjwa haya. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha wanawake wazee, wahudumu wa afya wa mitaani, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye dhiki kwa utaratibu maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu. Hapa kwetu Kenya, shirika la Shamiri limewafundisha vijana waliomaliza kidato cha nne kuongoza vikao vinne vya vikundi katika shule za upili, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua. Mombasa ina wahudumu wa afya ya jamii wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba, na ina vijana wengi waliosoma wasio na kazi. Watu tunao, kinachokosekana ni mtu wa kuwapanga.

Mtasema kuzungumza na watoto kuhusu kujiua kutawatia fikra hizo. Hofu hii naiheshimu, kwa kuwa hutoka kwa watu wema. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofanywa kuhusu jambo hili hazikuona kwamba kumuuliza mtu kwa upole kama anafikiria kujiua humwongezea hatari. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza.

Na wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, kwamba mtoto akisomewa dua na kushikishwa dini atapona. Mimi mwenyewe ni mtu wa dua, na sijamwambia mzazi yeyote aiache. Lakini Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua na huhitaji tiba yake, akaeleza huzuni na hofu na namna ya kuzitibu, karne nyingi kabla hospitali ya kwanza ya Mzungu haijajengwa katika pwani hii. Wala kuzungumza na kijana si jambo geni kwetu. Msichana wa Kiswahili alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemwambia yale ambayo hangeweza kumwambia mama yake, na somo yule aliaibika mbele ya mtaa mzima akiitoa siri. Tulichokuwa nacho tumekiacha kife, na mahali pake hatukuweka kitu.

Kuhusu kwamba ni jukumu la wazazi, nitasema machache. Wazazi wengi wanaofika kwangu wameshajua kuna tatizo. Wanachouliza ni waende wapi, na ndilo swali ninaloliuliza mimi hapa.

Kwa hivyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo, na nimejizuia nisiombe lisilowezekana. Naomba mtoe mwongozo mmoja wa maandishi kwa shule zote za kaunti kuhusu siri ya mwanafunzi, ueleze nini hutunzwa, nini hufikishwa na kwa nani, na usomwe mbele ya wanafunzi wenyewe ili wajue kabla hawajafungua mdomo. Mwongozo huohuo uwaeleze walimu uamuzi wa Mahakama Kuu wa Januari 2025, na ukataze kumsimamisha masomo mtoto kwa sababu ya kujidhuru au kwa sababu ya maradhi. Naomba kila kaunti ndogo, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, iwe na angalau kituo kimoja cha afya kinachowapokea vijana alasiri moja kwa wiki baada ya saa za shule, na Jumamosi, kikiwa na mhudumu aliyefunzwa na chumba chenye mlango unaofungwa, na kijana aingie kupitia mlango uleule wa wagonjwa wa kawaida. Naomba mzungumze na Tume ya Huduma kwa Walimu ili mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi. Naomba nambari 116, ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto, ibandikwe katika kila shule, na mtoto apewe njia ya kuipiga, kwa sababu shule hizohizo zimemkataza kuwa na simu.

Mwisho naomba hesabu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, naomba mniambie kwa maandishi ni kiasi gani kimetengwa kwa afya ya akili ya vijana katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, na kiasi gani kimetumika. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na ningependa wazazi wajue takwimu hizo kabla ya kuitwa kutoa maoni. Katika vikao hivyo vya maoni, tafadhali waiteni na vijana wenyewe, tena wapewe nafasi ya kuandika kwa asiyetaka kusimama. Tumezoea kuwazungumzia watoto wakiwa hawapo.

Jina langu na anwani yangu vimo katika barua mlizo nazo. Hapa siliandiki, kwa kuwa anayejua nilikofundisha atawatambua watoto niliowataja, na nimewaahidi. Jibu mnaweza kulipeleka kwenye anwani hiyo, au mkalitangaza hadharani kama nilivyofanya mimi. Niko tayari kufika ofisini siku yoyote mtakayopanga, nikifuatana na wazazi watatu waliokubali kuzungumza, kwa sharti kwamba wenye afya na wenye elimu wawe chumbani pamoja.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa shule ya upili,
Kisauni, Mombasa.

Nakala: Wawakilishi wadi wote wa Kaunti ya Mombasa, vyama vya wazazi vya shule za upili, maimamu na wachungaji wa kaunti.